Kaburi la Mfalme Msituni

Binamu yangu mpiga picha alikijua kisiwa chetu kuliko Mungu aliyekiumba. Ushahidi ulining'inia studioni kwake: pazia lenye maporomoko ya maji, ambalo wateja husimama mbele yake wakiwa wamebana pumzi. Aliapa kwamba aliyachora mwenyewe, baada ya kulala msituni siku tatu. Mimi nilikuwepo pazia lilipoletwa, likiwa limeshachorwa.

Basi alipopeleka posa, baba wa binti akasema jibu atalitoa akishaonyeshwa hayo maporomoko. Mzee alikuwa mstaafu, mtu wa maneno machache. Amestaafu kazi gani, binamu yangu hakuuliza. Yeye huwa haulizi, hueleza.

Tukaondoka asubuhi: yeye mbele, mzee na bintiye katikati, mimi nyuma na kapu la chakula. Lo, msitu ule! Majani mapana kama mikeka, ukungu juu ya matawi kama nguo zilizosahauliwa kuanuliwa, na mahali fulani maji yakinong'ona. Uzuri wa namna hiyo humnyamazisha mwenye akili. Binamu yangu hakunyamaza.

Tulipofika kwenye jiwe la mraba lililoota ukoga wa kijani, akavua kofia. Hapo, akatuambia, amelala mfalme wa kale, mshindi wa vita vitatu na mume wa wake saba.

Saa nzima baadaye tukakuta jiwe jingine, pacha wa lile. Kofia ikavuliwa tena. La mke mkubwa, akasema.

La tatu tulilifikia jua likiwa utosini. Hilo likawa la mke mdogo, aliyekufa kwa wivu. Juu yake palikuwa na ganda la ndizi. Ganda lilikuwa langu. Nilikuwa nimelisahau juu ya mfalme! Nikafunga mdomo. Ndugu ni ndugu.

Mzee akainama, akakwangua ukoga kwa ukucha. Namba zikajitokeza.

"Mwanangu," akasema taratibu, "zege hili nimelimwaga mimi. Ni jiwe la mpaka. Nimepima ardhi ya kisiwa hiki miaka thelathini na moja."

Binamu yangu akaitazama kofia mkononi mwake kama mtu aliyeiokota njiani.

"Na maporomoko, baba?" akauliza binti, huku kiganja kikizuia kicheko.

Mzee akasukuma majani kando. Hatua thelathini tu kutoka pale, maji yalikuwa yakimwagika, meupe, yale yale yaliyokuwa yakituita tangu asubuhi. Hayakufanana hata kidogo na ya kwenye pazia. Tukakaa, tukala.

Mwishowe binamu yangu akajikaza, akauliza. "Na lile jibu, mzee?"

"Nimekubali," mzee akasema, akijifuta vidole. "Mama yake alikuwa na hofu moja tu, kwamba utampeleka binti mbali. Leo nakwenda kumtoa wasiwasi."