Mdomo wa Jogoo wa Musili

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku tano kabla ya ibada ya kumbukumbu ya mume wangu Musili. Mwaka mzima! Chai bado napika vikombe viwili.

Vita vimeanza. Ukurasa wa mwisho wa kijitabu cha ibada una nafasi ya picha moja. Mimi nataka jogoo wake. Munyiva, dada ya marehemu, anataka njiwa. Sote wawili tunajifunza kompyuta kwenye ukumbi wa kanisa hapa Machakos, kwa hivyo mwalimu wetu Lavender akaamua: kila mtu apake rangi mnyama wake, atakayependeza ndiye atakayechapishwa. Mwisho ni Alhamisi, saa sita.

Njiwa! Njiwa ni mweupe. Ukurasa ni mweupe. Munyiva alimaliza kazi kabla ya kuketi.

Lavender alinipa jogoo wa mistari mitupu kwenye skrini, mdomo umefungwa. Si yeye. Jogoo wa Musili alikuwa akiwika saa nane mchana, na Musili akimjibu kutoka shambani. Nikachukua kifutio, nikamfungua mdomo. Vizuri sana. Kisha nikachukua ile alama ya ndoo, ya kumwaga rangi, nikabonyeza kifuani.

Ukurasa wote ukawa kahawia. Jogoo, mbingu, kila kitu!

Jumanne, 7 Oktoba

Lavender ananiita susu, kama bibi yake, ingawa mjukuu bado sijapata. Akaeleza polepole: susu, mstari ukiwa na pengo, rangi hutoka, kama maji kwenye tuta lililobomoka. Hilo nalielewa. Musili alizunguka matuta yetu ya Kathiani kila baada ya mvua, jembe begani.

Pengo, akasema, ni ule mdomo. Niufunge. Nikamwambia jogoo aliyefungwa mdomo ni kitoweo. Nikamwaga tena. Kahawia. Mara nne.

Nikabadilisha mbinu. Kwa upole kabisa nikamshauri Munyiva kwamba njiwa wake haonekani, amwage buluu nyuma yake. Nilitegemea mafuriko. Kumbe mistari yake haina hata tundu la sindano! Anga likatulia, njiwa aking'aa kama kitambaa cha madhabahu. Darasa likapiga makofi. Munyiva akanishukuru. Akasema wifi, una jicho.



Jumatano, 8 Oktoba

Nimekuja na ushahidi. Unyoya wa mkia wa jogoo, ambao Musili aliutumia kushika ukurasa kwenye kitabu chake cha nyimbo. Nikauweka juu ya skrini nipate rangi yenyewe. Ukiuinamisha kuelekea dirishani ni kijani. Ukiuinua ni mweusi. Kompyuta inataka rangi moja. Itakuwaje nikikosea? Picha ya jogoo huyo hatuna. Na sauti ya Musili akimjibu, hiyo nayo siku hizi huniponyoka. Naitafuta, siipati.

Munyiva akainama begani kwangu. Alikuwa mweusi, akasema, usijisumbue wifi. Nikamuuliza anajuaje. Akasema yeye ndiye aliyemnyonyoa.

Najua! Siku ya mazishi alimchinja bila kuniuliza. Nikamwambia hivyo, mbele ya darasa zima. Akasema wageni wa Masii walikuwa wamefika, nyama imekwisha, na mimi nimelala nikitazama ukuta. Nani angeamua?

Nikajifanya natafuta miwani. Ilikuwa usoni.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimekubali kushindwa kidogo. Nikaufunga mdomo kwa mstari mwembamba kama uzi. Nikamwaga. Rangi zikakaa! Kifua kahawia, kilemba chekundu, mkia kijani nusu na mweusi nusu. Munyiva akainamia skrini. Akasema ndiye. Akamwambia Lavender njiwa apumzike, jogoo aingie.

Nilishinda! Saa sita kasoro dakika tano. Lavender akatoka kuleta karatasi.

Nikabaki na jogoo. Alionekana kama amekabwa. Nikawaza: rangi imeshaingia, sasa itatokaje? Nikafungua mdomo kwa kifutio. Haikutoka! Werevu ulioje! Ila ndani ya mdomo mlikuwa mweupe, kama mwa mgonjwa. Tone moja la nyekundu, basi.

Anga lote likawa jekundu.

Lavender alitufundisha namna ya kurudisha nyuma. Vidole vilisahau. Nikabonyeza kuhifadhi. Mara tatu. Lavender akaingia akiongea kwa simu, akaituma picha kwenye mashine ya kuchapa bila kutazama. Nakala mia mbili.

Nikachukua mkoba, nikaenda nyumbani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sijala tangu Alhamisi. Benchi la mbele, mimi na Munyiva, kijitabu kila mkono. Niliomba mvua. Niliomba upepo.

Katikati ya maombi ya kimya, Mzee Kimeu wa Masii akafika ukurasa wa mwisho. Hasikii vizuri, kwa hivyo hunong'ona kwa kelele. Akauliza kwa nini kuku yuko motoni. Akasogeza ukurasa karibu na macho. Aa, akasema, ni yule tuliyemla! Alikuwa mtamu.

Benchi likaanza kutetemeka. Nikadhani Munyiva analia. Leso yote mdomoni, mabega juu chini. Anacheka! Nami nikashikwa. Tulicheka hadi machozi, tumeshikana mikono, mchungaji akitungoja. Na hapo ndipo nilipoisikia. Sauti ya Musili, kutoka shambani, akimjibu jogoo. Sawasawa kabisa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kanisa linataka picha ya kalenda. Moja tu. Munyiva amechagua kondoo. Mweupe, bila shaka! Hatanipata. Mimi nimechukua mbuzi, yule aliyekuwa akilia kila akimwona Musili akipita.

Lavender amenisihi, tafadhali susu, kagua mistari yote kabla ya kugusa ndoo. Nimemwambia ndiyo, mwalimu.

Nimeanza na mdomo. Nimeufungua.