Mche Niliokimbia Nao

Leo nimeumbuka. Jamaa zangu mlio Beni, nawaandikia mapema kabla watu wa Butembo hawajawaletea habari na chumvi juu.

Mnamjua Mama Kavira, mtunzaji wa mimea mikavu pale chuoni kwetu. Waporaji walipobeba makabati, yeye aliokota karatasi zote zenye matawi yaliyobandikwa, akazificha chini ya kitanda chake kule Mususa. Mwanamke chuma! Karatasi moja ina tawi la mti ambao upande wa Kirumba umekatwa wote kwa makaa. Pembeni pamebandikwa kibahasha cha mbegu. Mama akanipa tatu nizipande, labda mti utarudi.

"Paluku, chunga hii kama mutoto," akaniambia.

Nikachunga! Mche mmoja ukaota. Juma lililopita risasi zilipolia, wenzangu walibeba magodoro na sufuria. Mimi nilikimbia na kopo la mche kifuani. (Mke wangu bado hanisemeshi.)

Leo asubuhi walikuja bustanini kuuona: walimu, wanafunzi, hata padri. Nikatoa hotuba. Nikawaonyesha kikamba cha mche kilivyojizungusha kwenye kijiti. "Tazameni unavyong'ang'ania uhai!" Makofi. Padri akaubariki (na mimi nikapata matone).

Ndipo Mama Kavira akaleta karatasi yake, akaiweka kando ya kopo. Akatazama jani kavu. Akatazama jani bichi. Akarudia.

"Attends, ngoja. Paluku, saa sita unakulaka wapi?"

"Hapa hapa, Mama. Karibu na makopo."

"Unakulaka nini?"

"Mukate na... marakuja."

Mama yangu! Na mimi mbegu za marakuja, hayo matunda ya pasheni, huwa natema popote.

"Donc, basi, hii iko marakuja," akasema taratibu. "Na mu kopo hamukuotaka kitu ingine?"

Kiliota. Kimche kidogo, chembamba. Niliking'oa kwa mkono wangu mwenyewe, nikidhani ni majani mabaya yanayomsumbua mtoto wangu!

Padri ndiye aliyeanza kucheka. Wanafunzi wakamalizia. Mama hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma, kwa maana alihatarisha roho yake kwa ajili ya karatasi hizi. Nikaanza kuomba radhi. Akanyamazisha watu, akafungua kibahasha, akatoa mbegu moja.

"Nilibakishaka hii. Nakujua, Paluku."

Jamani, huyu mama! Ameipanda mwenyewe mbele ya wote. Mimi nimeachiwa kumwagilia tu, tena nikiwa nimeshiba, na mdomo umefungwa.