Vizibo Mia Mbili na Arobaini

Jumatatu, 12 Mei

Astaghfirullah. Nimeanza wiki kwa uongo, na uongo wenyewe nikauapia.

Ilikuwa ofisini, saa ya chai. Mkuu wa shule katuletea mwalimu mpya wa awali B, Mwalimu Khulud, binti wa Tabata, katoka chuo juzijuzi. Mpole. Katuamkia mmoja mmoja, hakuruka mtu, hata mama wa maandazi. Mkuu akasema binti yuko kwenye majaribio. Ijumaa meneja wa shule, Mzee Jabiri, atakaa nyuma ya darasa kutazama kipindi chake cha kuhesabu. Akiridhika, anampa barua ya ajira. Asiporidhika, binti anarudi Tabata. Kwa hiyo anatafutiwa mlezi, mwalimu mzoefu wa kumsaidia zana za kufundishia.

Mwalimu Valerian wa darasa la kwanza akanyanyua mkono. Huyu Valerian ana kabati. La kioo! Ndani mna chati za rangi, kadi za herufi zisizolowa maji, saa ya mbao yenye mishale inayozunguka. Wageni wote wakija shuleni wanapelekwa kulizuru.

Mie nikanyanyua mkono juu zaidi. Nikasema nina sanduku zima la zana za kuhesabia, nimezikusanya miaka kumi na tisa, vizibo vya chupa vya bati, vile vya zamani hasa. Valerian akauliza, taratibu tu, mbona hatujawahi kuliona sanduku hilo. Nikasema wallahi lipo.

Halipo. Nilichonacho ni fimbo ya kuonyeshea ubaoni, abakasi iliyobakiwa na shanga sita, na ramani ya Tanzania ambayo panya kala Lindi na Mtwara yote.

Na kwa kuwa humu naandika peke yangu, niseme na lingine. Cheti cha ualimu sina. Niliingia shule hii kama mlinzi wa geti. Mwalimu wa awali A akaenda kujifungua, nikaombwa nishikilie darasa wiki mbili. Hajarudi mpaka leo. Mtoto wake sasa anasoma chuo.

Mkuu kanipa ulezi.

Jumanne, 13 Mei

Khulud kaja asubuhi na daftari jipya, kaniuliza lini ataziona zana. Nikasema ufunguo uko kwa mke wangu. Kasema hana haraka, kisha kaniambia jambo ambalo bora asingeniambia. Mama yake anaumwa miguu, wadogo zake watatu wanamtazama yeye, na chuoni walimfundisha kutengeneza zana kwa kompyuta, huku kwetu umeme wenyewe unatutembelea kama mgeni. Kasema alipopita getini mara ya kwanza alitetemeka, lakini aliposikia ana mlezi wa miaka kumi na tisa akalala usingizi.

Mie sikulala.

Nyumbani nikamuuliza Zuena kama tuna sanduku lolote. Akauliza la nini. Nikamweleza. Zuena huwa hapigi kelele, hilo ndilo tatizo lake. Akaendelea kuchambua mchele, akasema muadhini mzima, unaapa kwa Mungu kwa ajili ya vizibo.

Nina mpango. Watoto wa Khulud ni ishirini na wanne. Kila mmoja anahitaji vizibo kumi. Jumla mia mbili na arobaini. Mchana nikawaagiza watoto wa darasa langu kila mmoja alete kutoka nyumbani.

Na kafara ya kiapo naijua. Kulisha maskini kumi, asiyeweza afunge siku tatu. Nikaanza kuwahesabu maskini ninaowafahamu hapa Chamazi. Wa tatu nikajikuta ni mie. Naanza kufunga kesho.

Jumatano, 14 Mei

Nimefunga. Watoto wameleta vizibo. Vya plastiki vyote! Siku hizi soda na maji ni chupa za plastiki, bati mtoto hata halijui. Vilikuwa zaidi ya mia mbili, vya bluu, vyekundu, vyeupe. Zuena alipoviona kwenye mfuko akasema si hivi hapa, mpelekee binti wa watu yaishe. Nikamwambia haiwezekani, nilishasema vya bati, tena vya zamani. Akanitazama. Nikavimwaga jalalani.

Vizibo vya bati kwa wingi ule viko mahali pamoja tu. Kwa Didas. Didas ana baa nyuma ya stendi.

Nikapanga kwenda baada ya alasiri, wakati wateja hawajajaa. Kosa langu ni moja. Nilitoka msikitini moja kwa moja. Na kanzu. Na kofia. Nimeingia baa, muziki ukazimwa. Jamaa mmoja akaficha chupa chini ya meza. Mwingine akanipa shikamoo akiwa amesimama. Didas akatoka kaunta mbio, akafuta kiti kwa kitambaa cha begani, akasema ustadhi karibu sana, hapa hatumsemi mtu. Nikamwambia sikuja kukaa. Akaniletea soda. Nikasema siwezi, nimefunga.

Baa nzima ilicheka. Jamaa wa kona akasema kwa sauti kwamba yeye ana umri wa miaka arobaini na hajawahi kuona mtu anakuja kufungulia saumu huku kabla hata magharibi haijaingia.

Didas ni mtu mwema. Vizibo alikuwa navyo ndoo nzima. Akanijazia kiroba, akasema sadaka kwa watoto.

Kiroba cha vizibo hakibebeki kimyakimya. Kila hatua, chwa, chwa, chwa. Nikajaribu kutembea taratibu, ikawa chwaa, chwaa. Mbele ya duka la vocha nani kasimama? Mzee Azzam, mwenyekiti wa kamati ya msikiti. Akaniuliza nimebeba nini ustadhi. Nikasema karanga. Akasema Mungu akubariki, mke wangu mama Salma anazipenda, nipunguzie kidogo. Nikasema mbichi hizi. Akasema ndizo anazozitaka. Nikasema zina dudu.

Siku ya kwanza ya kafara, na tayari nadaiwa kafara nyingine.

Nilipofika uani, nimeviosha mara saba, mara moja kwa udongo, kama chombo alicholamba mbwa. Najua hukumu yake si hiyo. Lakini moyo ulitaka.

Alhamisi, 15 Mei

Vilipokauka nikaviona vizuri. Vyote vina nembo za bia. Vyote! Mtoto wa Kiislamu atahesabiaje kizibo kama hiki? Jibu nikalipata haraka, nikajisifu. Rangi. Pale msikitini ilibaki nusu ndoo ya rangi ya kijani ya ukutani. Nikaiomba kwa Mzee Azzam. Akasema chukua, akauliza karanga zilipona dudu? Nikasema hapana.

Nikapaka vizibo mia mbili na arobaini kwa mswaki wa zamani, nikaviacha juani. Jua lenyewe la masika, linachungulia linarudi. Saa tisa nikavitia kwenye bati la biskuti nikampelekea Khulud.

Hapa nina aibu hata kuandika. Binti akafungua bati, akatumbukiza mkono, akavichota. Kisha akasema, "Mwalimu, umevitunza miaka yote hii?" Nikasema ndiyo mwanangu. Macho yake yakajaa maji. Akasema hatavisahau.

Valerian alikuwa mezani kwake anasahihisha madaftari. Akainuka, akachukua kimoja, akakigeuza. Akakinusa. Akakirudisha. Ningependa angesema kitu.

Ijumaa, 16 Mei

Saa tatu asubuhi Mzee Jabiri kaja. Kanzu nyeupe pee, ya kwendea Ijumaa, imepigwa pasi mpaka inakata. Tukakaa naye nyuma ya darasa, mkuu, Valerian na mie.

Niseme haki: binti anajua kufundisha. Hakuinua sauti. Akawaambia kila mmoja ajenge nyumba ya vizibo vitatu, kisha aongeze jirani wawili, wako wangapi? Watoto walisimama juu ya viti kutaka kujibu. Kuna kitoto kinaitwa Mwanabaraka, tangu Januari hakijawahi kufungua mdomo. Leo kimehesabu mpaka kumi peke yake, kikashangaa, kikarudia. Mzee Jabiri alikuwa anatabasamu. Nikaona barua ya ajira inakuja. Nikajiona mlezi.

Lakini rangi ya ukutani haishiki bati. Hilo fundi yeyote angeniambia. Viganja vya watoto vina jasho. Kadiri walivyohesabu, ndivyo rangi ilivyohama, kutoka kwenye vizibo kwenda vidoleni, kutoka vidoleni kwenda mashavuni.

Kipindi kikaisha. Mkuu akawaambia watoto wamwamkie mzee. Na watoto wa huku wamefunzwa adabu: mtoto hampi mzee shikamoo ya mbali, anaupokea mkono wake anaubusu. Ishirini na wanne! Foleni! Mzee wa watu akatoa mkono. Wa tano alipofika, mkono ulikuwa wa kijani. Wa kumi, midomo yote ilikuwa ya kijani. Mwanabaraka kwa furaha akamkumbatia kabisa magotini.

Mzee Jabiri akatazama kanzu yake. Kisha akafungua kiganja cha Mwanabaraka, akatoa kizibo, akakifuta kwa kidole gumba. Akasoma. Akachukua kingine mezani. Akasoma.

Akamuuliza Khulud, bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kama chuoni ndivyo walivyomfundisha, watoto wa watu wahesabu kwa vizibo vya pombe.

Khulud aliinua macho. Alinitazama mie.

Mie nilitazama ukutani, ramani yangu niliyomwazima. Pale Mtwara ilipokuwa.

Maneno yalikuwa matatu tu, ni vyangu mzee. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini Mzee Jabiri anaswali safu ya kwanza, pembeni yangu. Mzee Azzam ni swahiba wake. Saa sita na nusu nilikuwa na adhana ya kuadhini. Nikayameza. Nilikuwa nimefunga, na nikayameza.

"Ni vyangu, mzee," akasema Valerian.

Mzee Jabiri akageuka.

"Vyako wewe, mwalimu? Vyote hivi?"

"Si vya siku moja, mzee."

Mkuu akajifunika mdomo kwa mtandio. Valerian akaeleza kwamba binti hakujua, kaviomba vikiwa vimeshapakwa rangi, na kwamba kama kuna kosa ni lake. Mzee Jabiri akatikisa kichwa muda mrefu. Akasema binti kafundisha vizuri, barua yake ataipata. Akamwambia Valerian kwamba ile nafasi ya mwalimu wa taaluma aliyokuwa apewe mwezi ujao ingoje kwanza, mpaka apunguze.

Adhana ya leo sauti ilinikatika katikati. Mzee Azzam akasema ni njaa ya saumu. Watu wakaniombea dua.

Jumapili, 18 Mei

Nimekwenda kumsubiri Valerian nje ya kanisa lao. Nilisimama upande wa pili wa barabara, nikijifanya natazama viatu vya mtumba. Akatoka na mkewe na watoto, akaniona, akavuka.

Nikaomba radhi. Nilianza vizuri, halafu nikajikuta naeleza ubora wa rangi. Akanisikiliza. Nikamwambia angalau yeye dini yake inaruhusu, haikumharibia jina. Mkewe akacheka kicheko kibaya. Akaniambia mumewe hajatia pombe mdomoni mwaka wa saba huu, ana vidonda vya tumbo.

Nilitamani lami ifunguke.

Nikamuuliza Valerian basi kwa nini. Akasema alimwona binti ananitazama mie, na akaona mie natazama wapi. Hakutaka shukrani. Alitaka kitu kimoja. "Mwambie mwenyewe," akasema. "Mtoto wa watu anadhani ana mlezi."

Nimerudi kwa miguu mpaka nyumbani. Nimemwambia Zuena kwamba kesho, kabla ya kengele ya kwanza, Khulud atajua kila kitu: kwamba sanduku halipo, kwamba vizibo ni vya Didas, kwamba nilikaa kimya. Zuena akaniwekea chai. Akasema inshallah, kwa ile sauti yake.

Jumatatu, 19 Mei

Nimefika shule saa kumi na mbili na nusu. Nimejipanga. Maneno niliyaandika kwenye kiganja.

Khulud kaja mbio ofisini, kashika barua. Imepigwa muhuri! Mama yake kalia jana kutwa. Kabla sijafungua mdomo kaniambia kamshukuru Mwalimu Valerian kwa kumkingia kifua, lakini kwamba mtu aliyemtoa woga ni mie, na kwamba yeye ndiye aliyeviharibu vizibo vyangu, angevifuta asubuhi ile visingechuja. Akaniomba radhi. Yeye! Aniombe radhi mie!

Nikasema mwanangu, kuna jambo.

Akasema naam mwalimu.

Valerian alikuwa kwenye kabati lake karibu na mlango, anajifanya analifungua.

Khulud akaningoja, kwa macho yaleyale ya Ijumaa. Nikaona ni ukatili kumharibia siku mtu mwenye barua mkononi. Nikamuuliza wiki ijayo anafundisha nini. Akasema kipimo cha uzito, kizito na chepesi, ila hajui pa kupata mizani.

Nikamwambia asihangaike. Mizani ninayo. Ya kuning'iniza, na mawe yake.

Valerian akafunga kabati. Hakugeuka.

Ukweli nitamwambia tu, mizani ikishapatikana, ili apate yote kwa pamoja. Shemeji yangu Anwar anayo moja nzuri, anauzia samaki kule Kunduchi. Saa nne huwa anakwenda kunywa chai, anaiacha imening'inia pale mezani, na mtu wa kuilinda hana. Kesho ninaomba ruhusa ya kwenda hospitali. Na safari hii sivai kanzu.