Cheo Hakistaafu

Jumatatu, 3 Machi

Nimevuliwa nguo mbele ya watu. Si suruali, ingekuwa nafuu. Karani mpya wa kata, binti wa juzi tu, alikuwa anaita mahudhurio ya mkutano. Alipofika kwangu akaruka palipoandikwa Mheshimiwa, akaita "mzee wa geti la kijani". Nikageuka nyuma kumtafuta huyo mzee. Kumbe mimi.

Nilikuwa diwani miaka miwili na miezi minne. Imepita miaka kumi na saba, na bado naitwa Mheshimiwa na kila mtu isipokuwa mke wangu akiwa na hasira, yaani kila siku. Nikamkumbusha karani. Akaniamkia kwanza, kwa adabu zote, kisha akasema cheo ni cha kiti, na kiti kina mwenyewe. Ijumaa mkutano utaamua: waliotoka madarakani waache vyeo mlangoni. Hata kile kiti changu cha mbele, chenye mikono, kitarudi stoo.

Nimefika nyumbani sili. Mke wangu kauliza nani kafa. Nikasema Mheshimiwa. Akasema poleni wafiwa, akaivuta sahani yangu upande wake.

Jumanne, 4 Machi

Nina mpango.

Nimekwenda kwa adui yangu, kinyozi wa pale kona. Aliwahi kuwa mwenyekiti wa soko mwaka mmoja tu, na mpaka leo kioo chake kimeandikwa KWA MWENYEKITI. Hatusemezani tangu aliponiambia diwani aliyeshindwa ni sawa na wembe butu. Leo nimemeza mate machungu nikamwambia tumo chungu kimoja, tukiivishwa tunaiva wote. Akakubali tuandike barua ya kupinga.

Saa nzima tumegombana jina la nani litangulie. Mwisho tukayaweka ubavu kwa ubavu. Nilipokwenda kunywa maji, akalipigia lake mstari chini. Alipokwenda kumnyoa mteja, nikalipigia langu miwili.

Jumatano, 5 Machi

Barua ya nini, nina ushahidi! Nimefukua sanduku nikaipata picha. Mimi hapo, koti limenikaa, mwiko wa fundi mkononi, naweka jiwe la msingi la choo cha soko. Choo chenyewe hakikujengwa, lakini hilo ni jambo dogo. Jiwe lilipendeza.

Nikaenda sokoni na brashi ya waya. Jiwe lipo, nyuma ya vibanda vya mboga, limemezwa na majani. Nimelisugua mpaka maandishi yakang'aa: LIMEWEKWA NA MHESHIMIWA DIWANI. Cheo changu kimo ndani ya zege. Huyo karani ana kifutio cha zege?

Muuza nyanya mmoja, yule mwenye sauti ya kengele, akaja kusoma. Akauliza ni msingi wa nini. Nikamwambia wa choo, ila asome kwanza jina la aliyeuweka. Akasoma polepole, mara mbili. Kisha akaita wenzake, nao wakasoma. Sijapata hadhira kama hiyo tangu kampeni.

Mke wangu anasema nisithubutu kwenda na picha hiyo mkutanoni. Siasa hazijui, maskini.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeunguruma. Nimesema mwalimu akistaafu bado ni mwalimu. Mama hata wanawe wakiota mvi bado ni mama. Mbona mheshimiwa peke yake anyang'anywe? Watu wakatikisa vichwa kukubali. Kinyozi akapiga makofi, kidogo, asinifaidishe.

Karani akasema, kwa sauti ya chini, mwalimu alifundisha na mama alizaa. Akauliza, babu, wewe ulifanya nini?

Hapo ndipo nilipokuwa namsubiri. Nikaitoa picha, nikaizungusha safu kwa safu.

Muuza nyanya akasimama. Akasema wameliona jiwe, limesuguliwa vizuri, Mungu ampe nguvu aliyelisugua. Sasa wanauliza, choo kiko wapi? Maana miaka kumi na saba wao wanakwenda kubembeleza majirani, na majirani wamechoka kubembelezwa. Ukumbi ulilipuka. Dakika tano zikatosha kuamua: kila mstaafu abaki na cheo chake, mradi amalize alichokizindua nacho. Mwezi mmoja. Asipomaliza, cheo kwaheri, kiti kwaheri.

Kinyozi, aliyewaahidi bomba la maji, akanyoosha mkono palepale akasema yeye ni kinyozi tu, na wateja wanakaribishwa. Msaliti. Jioni kioo chake kilikuwa kimefutwa.

Nami ningeweza kusema mimi ni mzee wa geti la kijani, yakaisha. Ulimi ulikataa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeanza kuchimba. Kwanza nilitangaza uzinduzi wa kuchimba, kila mwananchi apige jembe moja la heshima. Amekuja mbuzi.

Shimo limefika magotini. Wahenga walisema ukubwa ni jalala. Hawakunionya kwamba wangu utakuwa choo.

Alhamisi, 20 Machi

Wauza mboga wamenionea huruma, wanachimba kwa zamu. Mke wangu amekuja na toroli la matofali. Ni yale niliyoyaweka ya kujengea baraza la kupokelea wageni mashuhuri. Anasema wageni hao wana miaka kumi na saba njiani, wakifika watajisaidia humu. Karani naye kaja Jumamosi, kavaa gambuti, kabeba mchanga kutwa. Kaniita Mheshimiwa. Nimejifanya sijasikia ili arudie. Karudia.

Jumamosi, 5 Aprili

Kimekwisha, siku mbili kabla! Milango miwili, bati jipya. Mchora mabango akauliza aandike nini. Nikamwambia CHOO CHA MHESHIMIWA, herufi kubwa. Karani akacheka mpaka akakaa chini, akasema haya, cheo kimepata kiti chake.

Nimekaa na kigoda mkabala, nahesabu. Muuza nyanya kamwambia mwenzake amwangalizie meza, anakwenda kwa Mheshimiwa mara moja. Mwingine kalalamika Mheshimiwa kajaa, itabidi asubiri. Kabla ya saa sita nimetajwa mara thelathini na nane. Nilipokuwa madarakani sikuwahi kufika kumi. Kinyozi ana wivu, leo kamkata mtu sikio.

Mke wangu anauliza brashi ya waya naitafutia nini tena. Nyuma ya ofisi ya kata, kwenye yale majani marefu, nimekumbuka kuna jiwe langu jingine. La maktaba.