Tangazo Lenu la Usalama Limewakimbiza Wakwe Zetu

Murara, Goma

Kwa Waheshimiwa mnaotengeneza programu ya kuchezesha video, ile yenye alama ya ngoma ya kijani,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, na mkiwa mmekaa. Jina langu ni Bénita. Nimemaliza shule mwaka huu, nangoja matokeo ya Examen d'État, na mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Ndiyo sababu naandika. Programu yenu naipenda. Imenichezeshea kila video niliyoipa, hata zile zilizokatwa na umeme katikati. Lakini Jumapili iliyopita ilitukimbiza kutoka nyumbani kwetu, na sasa ndoa ya dada yangu Julie iko hatarini. Naomba mnisikilize kwa utaratibu.

Ilikuwa siku ya wakwe kuja kujitambulisha. Walitoka mji wa Kiwanja: Olivier mchumba, mjomba wake Muzee Ntirenganya, na akina mama wenye vikwembe vipya. Tulikuwa tumekwisha kula. Kabla ya kutaja tarehe ya mahari, Papa akataka waone video ya Julie akiimba peke yake kwenye misa ya Noeli. Mimi nilikaa nyuma ya kompyuta, ambayo tulikuwa tumeiunganisha na televisheni. Napapenda mahali hapo kwa sababu hakuna anayenitazama. Julie wa kwenye video alipofungua kinywa tu, tangazo lenu likamfunika uso mzima kwa herufi nyekundu: kuna tundu, ni sécurité, ni critique, hatari kabisa, tuweke kiraka mara moja.

Shangazi Mapendo alikuwa amesahau miwani kwake. Alisoma yale maneno makubwa tu, akasimama: "Banasema sécurité iko critique! Munangoja nini?"

Waheshimiwa, sijui kwenu watu hufanya nini wakisikia hivyo. Hapa Goma hatuulizi nani kasema. Tunachukua viatu. Papa aling'oa televisheni akaikumbatia. Shangazi alibeba sufuria ya nyama. Majirani walipotuona tunakimbia, nao wakakimbia, na mwenye duka wa pembeni akafunga huku mteja akiwa bado ndani. Mimi nilibaki peke yangu na kompyuta, na Julie wa kwenye video akaendelea kuviimbia viti vitupu, vizuri sana kwa kweli.

Nilipofika kwenye rond-point, pale magari yanapozunguka, mtaa wote ulikuwa umesimama pale ukiulizana unakimbia nini. Hata Koko Rosette, mama mzazi wa Papa, ambaye hatembei bila kushika ukuta, nilimkuta ameketi juu ya ndoo ya muuza mandazi, ametulia kabisa. Nikaeleza kwa sauti yangu hii ndogo kwamba ni kompyuta tu. Wakwe walikuwa wamekwisha kupanda gari lao. Tangu siku hiyo simu ya Kiwanja iko kimya. Julie hanisemeshi, isipokuwa akitaka chumvi. Na vijana wa mtaani, kila nikipita, wananiamkia: "Mademoiselle Sécurité, leo tulale ao tukimbie?"

Malalamiko yangu ni haya.

Kwanza, neno lenyewe. Neno «sécurité» hapa kwetu lina wenyewe na lina kazi nyingi. Halina nafasi ya kwenda kufanya kazi kwenye video ya Noeli. Mngeweza kuandika: «Kuna jambo dogo, ukipata nafasi.» Tungeelewa.

Pili, adabu. Mgeni akiwa na tundu kwenye kikwembe, mtu humwita pembeni na kumnong'oneza. Hasimamishi sherehe. Ninyi mlitangaza tundu lenu wenyewe, kwenye televisheni yetu, mbele ya watu waliokuja kuchunguza kama sisi ni familia tulivu.

Tatu, tundu. Watu walipotawanyika nilisoma tangazo lote, mpaka mwisho. Mnasema mtu mbaya anaweza kutengeneza video yenye hila, nami nikiifungua, programu inachanganyikiwa na kumruhusu aiamuru kompyuta yangu kama yake. Sikatai, hilo ni baya. Lakini akiingia atakuta nini? Masomo yangu ya fizikia, Julie akiimba, na video ndefu ya ng'ombe wa baba mdogo kule Masisi, wanakula majani. Mwizi wa namna hiyo angetuonea huruma. Pengine angetuachia kitu. Tena mnaandika kwamba tundu lilikuwepo miaka mingi na lilionekana kwa sababu mtaalamu mmoja alitazama sana. Nani alimtuma? Tundu lilikuwa limelala.

Nne, kiraka. Mama yangu ni mshonaji. Anaposhona kiraka, hukata kitambaa kidogo akafunika palipopasuka. Kiraka chenu ni programu nzima upya, inakula mega zangu zote za intaneti. Ni kikubwa kuliko suruali! Halafu mnaandika bila aibu kwamba kinarekebisha pia tatizo lililoletwa na kiraka kilichotangulia. Mama angefanya hivyo, wateja wangemrudia na fimbo.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, neno «sécurité» liondolewe kwenye kompyuta zote za Goma. Naomba pia barua ya kuomba radhi kwa familia ya Kiwanja, yenye cachet, ule muhuri wa ofisi, maana bila cachet hakuna atakayeamini kwamba hatari ilikuwa ndani ya programu yenu na si ndani ya nyumba yetu. Aliyevunja karamu huileta upya: tumeni mjumbe na mbuzi na kreti za soda. Ni vizuri aje yule mtaalamu mwenyewe. Kwa macho yale, pengine ataiona tarehe ya harusi iliyopotea. Na ikiwa wakwe watakataa kabisa, basi ni ninyi mtakaotupatia mkwe mwingine, kijana mwenye kazi kati ya mafundi wenu. Asiwe tu yule mtafuta matundu. Julie hapendi kuchunguzwa.

Nawasalimu wote hapo kazini, wanaotoboa, wanaoziba na wanaopika chai, pamoja na mama zenu. Mwambieni mwandishi wa matangazo kwamba hati yake inasomeka vizuri, hata kwa asiye na miwani.

Naishia hapa, nikiwa bado mtumiaji wenu mwaminifu, ingawa kwa sasa natumia nikiwa nimefunga mlango,

Bénita

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha Koko akauliza namwandikia nani. Nikamsomea yote, Papa naye akisikiliza. Koko akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema: "Mbona hakuna mutu aliniuliza nilifika kule namna gani? Ule Olivier njo alinibeba ku mugongo. Na weye, Jean-de-Dieu, mutoto wangu, ulibeba televisheni." Papa akachukua simu akapiga Kiwanja. Kumbe nao walikuwa wanaona haya kupiga, kwa vile walikula wakatoroka bila kuaga. Papa amesema mkwe wa namna hiyo hatutampata tena hata tukitafuta. Harusi ni baada ya kuvuna maharagwe. Julie amenisemesha, tena sana.

Basi futeni yote niliyoandika juu. Neno msilibadilishe, na herufi ziwe nyekundu vilevile. Jumapili ijayo Émile, mtoto wa mkatekista, atakuja kuniletea kitabu ambacho sikumwomba. Ikiwezekana, tangazo litokee mara tu baada ya chakula. Kiraka nitakiweka Jumatatu, naahidi. Shangazi nimemwambia aache miwani. Koko amekubali kukaa mbali na mlango.