Nyusi za Thawin

Thawin aliwaona kabla hawajavua viatu. Mzee na mkewe, watu wa Bangkok kwa jinsi walivyoukanyaga mchanga kama wanaokanyaga zulia la mkwe. Walishuka Cha-am, mji wa pwani, Ijumaa asubuhi na begi moja la magurudumu, na mzee akalikokota ufukweni mpaka likachimba mfereji. Mapumziko ya siku tatu. Hilo Thawin alilijua kwa kulitazama begi tu: wa siku moja huja na kapu, wa wiki nzima huja na wajukuu.

Wakakaa kwenye viti vya Mama Lamai, chini ya mivinje, wakaagiza kaa wawili na saladi ya papai bichi, kisha wakaanza kununa. Sasa, mtu anayelipa nauli kuja baharini kununa ana shida, na shida ya mtu, kwa Thawin, ilikuwa shamba la kulima.

Ni haki zielezwe hapa nyusi zake, maana bila hizo hadithi hii haina mtaji. Thawin hakuachiwa mali, hakuachiwa baba wala mama. Alichojaliwa ni nyusi mbili nene, nyeusi, zenye utii kuliko askari. Akiinua ya kushoto, mgonjwa alipata matumaini. Akiinua zote mbili, mtu mwenye akili zake timamu alitoa pochi. Kwa nyusi hizo aliwahi kumuuzia mkaguzi wa barabara chupa ya maji ya bahari, hatua kumi kutoka baharini, kwa maelezo kwamba yalichotwa siku bahari ilipokuwa na haya.

Kila alichovuna alikipeleka kwa sonara, kikageuka pingili ya mkufu aliouficha chini ya shati. Mkufu ule haukuwa wa mapambo. Ulikuwa wa Bua, binti wa Mama Lamai, aliyekuwa akichoma ngisi hatua chache kutoka kwenye viti vya mama yake na kucheka kwa namna iliyomfanya Thawin asahau anamwibia nani. Mama mtu alikwisha kutoa masharti yake mbele ya watu: "Mwanamume asiyewahi kuvaa vazi la utawa hata siku moja ni mtu mbichi. Sasa wewe ni mbichi na dhahabu huna. Hata papai bichi lina kazi yake." Thawin alipima, akaona dhahabu ni nafuu. Dhahabu haimwamshi mtu saa kumi alfajiri.

Basi siku hiyo akajisogeza, akainama mpaka mkufu ukajichora shatini, akajifanya anakung'uta mchanga kwenye kandambili, akasikiliza. Mzee, jina lake Kamthon, alikuwa akilalamikia kiwanja chao cha Suphan: miaka mitatu sokoni, hakuna mnunuzi. Mkewe, Bibi Urai, akasema labda kiwanja kinangoja wao wafe kwanza. Thawin akakohoa.

"Samahani, baba. Sikukusudia kusikia, ila upepo umeniletea. Mmekwisha kumwambia Bibi?"

"Bibi yupi?" akauliza mzee.

Nyusi ya kushoto ikapanda.

Mwisho wa safu ya mivinje palikuwa na kibanda cha Bibi wa Mivinje, roho wa kike wa ufukwe ule, kimejaa magauni ya hariri, chupa za soda nyekundu na kikosi kizima cha punda milia wa saruji, vyote shukrani za watu walioomba wakapewa. Hakikuwa na mlinzi, kwa hiyo Thawin alijiteua mwenyewe, na alikifagia kila alipoona wageni. Akawaeleza jinsi Bibi alivyo mwepesi wa mambo ya ardhi, jinsi alivyouza kinamasi cha mtu mmoja kwa wiki. Wangeahidi punda milia tisa, mayai ya kuchemsha mia na gauni moja, nusu ya gharama itangulie, na yeye Thawin angenunua kwa mkono wake, maana Bibi ana kipimo chake cha kiuno na si kila fundi anakijua.

Bibi Urai akatoa bahasha, lakini hakuiachia. Akauliza kama watapata stakabadhi yoyote.

"Mama yangu," Thawin akasema kwa huruma, "kwa Bibi hakuna risiti. Kuna imani."

Bibi Urai akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia neno zuri na kuliweka akiba.

Ndipo mzee akaanza kusitasita. Kwao, akasema, ombi la ardhi halipiti kwa mayai matupu. Lazima mwanamume aahidi kuingia utawa, la sivyo roho hula mayai na kulala. Yeye angeingia, ila goti lake la kulia halikunji, na mtawa asiyekunja goti ni kama meza. Akapumua. Bahasha ikaanza safari ya kurudi mkobani, taratibu, na Thawin akaiona inavyokwenda, kona moja, kona ya pili.

"Nitaingia mimi," akasema.

Mdomo ulikuwa umeitangulia akili, na ulipoanza kukimbia haukusimama. "Nitaingia kwa niaba yenu. Na si siku saba za watoto wa mjini. Miezi mitatu, msimu mzima wa mvua." Hesabu ilikuwa wazi kichwani mwake: kiwanja kilichoshindwa kuuzika miaka mitatu hakiwezi kuuzika siku tatu, na Jumapili jioni hawa watakuwa kwenye treni.

"Nimesikia," sauti ikasema nyuma yake. Alikuwa Mama Lamai, aliyefuata sahani zake.

Thawin akapiga magoti mbele ya kibanda, akainama mara tatu mpaka paji la uso likagusa mchanga. Mara ya tatu mkufu ukachomoka kolani, ukaning'inia juani, mzito, manjano. Akaurudisha upesi. Alipogeuka, Bibi Urai alikuwa anatazama bahari. Saa tisa alasiri bahasha ilikuwa imekwisha kugeuka pingili mbili.

Jumamosi asubuhi, wakati viti vyote vimejaa, simu ya Bibi Urai ikalia. Akaipokea na gando la kaa mkononi. Akasimama. Akaketi. Akaanza kulia, na kila aliyeketi karibu akasikia: kiwanja kimeuzwa, chote, mnunuzi hakuomba hata kupunguziwa. Mzee Kamthon akapiga magoti palepale mchangani, akielekea kibandani, machozi yanamtoka. Thawin alikuja kulikumbuka goti lile baadaye. Wakati ule alikuwa na shughuli ya kurudi nyuma kimyakimya, hatua kwa hatua, mpaka mgongo ukagonga jiko la ngisi.

"Unakwenda wapi?" Bua akamuuliza.

Thawin akawaeleza wote, akitumia nyusi zote mbili, kwamba usiku uliopita Bibi alimtokea akamsamehe. Mayai mia mbili yangetosha. Mama Lamai akaweka sinia chini, akamwambia Bibi hasamehi kienyeji hivyo. Mwaka juzi kuna mtu aliahidi kumchezea ngoma, akaondoka bila kucheza, na ngisi wakauhama ufukwe miezi miwili. Neno ngisi liliposemwa, wauza ngisi wote, wanawake kumi na moja wenye koleo mikononi, wakamgeukia Thawin. Nyusi zikashuka zenyewe.

Wazee wale walikuwa na furaha ya kupasua moyo. Thawin hana wazazi? Basi wao ndio wazazi. Vazi, ngoma, chakula cha wageni, yote juu yao. Mapumziko ya siku tatu wakayavuta yakawa ya siku tano, wakamwona mkuu wa hekalu, na Jumatatu ikapangwa.

Jumapili Thawin alichukua begi dogo akaenda stesheni kupanda treni ya kusini. Kwenye benchi pekee lenye kivuli alimkuta Bibi Urai analamba aiskrimu ya nazi.

"Nilijua utakuja kuuaga mji, mwanangu," akasema, akamsogezea nafasi. "Kaa. Ukitoroka sasa, yule binti wa ngisi atasema nini?"

Thawin akakaa. Treni ikaja, ikaondoka. Na hapo ndipo penye ajabu ya mjanja: alikuwa ameanza kufikiri kwamba si mpango mbaya. Miezi mitatu ya mchele wa bure, kisha anatoka ameiva na dhahabu anayo, masharti yote mawili kwa mpigo mmoja. Mama Lamai angebaki na sababu gani? Alirudi mjini anapiga mluzi.

Kinyozi hajinyoi, wanasema, na Jumatatu hekaluni Thawin alinyolewa na kila aliyetaka. Bibi Urai akakata shungi la kwanza, mzee la pili, Mama Lamai la tatu, kwa nguvu zaidi ya zilizohitajika. Kisha mtawa mmoja akachukua wembe akamaliza kichwa, na Thawin alipodhani kazi imekwisha, wembe ukashuka kwenye paji la uso. Alikuwa amesahau. Akatazama mtaji wake ukianguka kwenye jani la yungiyungi, kipande cha kushoto, kipande cha kulia.

"Na hiyo dhahabu," mtawa akasema. "Haiingii humu. Mpe mtu wako."

Thawin akamtazama Mama Lamai. Mama Lamai akakunja mikono, akasema hapokei dhahabu ya mtu ambaye hajaleta wazee wa posa, watu wasije wakasema binti yake amenunuliwa kwenye foleni ya kinyozi. Bua akatazama miguu yake. Akabaki Bibi Urai, mama wa kupokea, ametandika leso nyeupe viganjani, macho yamejaa maji. Thawin akavua mkufu. Miaka tisa ya kazi ilikuwa na joto la kifua chake bado.

"Mama," akanong'ona, "utaniandikia hata kikaratasi?"

"Nitakuandikia, mwanangu," Bibi Urai akasema. "Kwa mkono wangu mwenyewe."

Wakalizunguka hekalu mara tatu kwa ngoma na matoazi, Thawin katikati kwa mavazi meupe, na Mzee Kamthon mbele anacheza, anachuchumaa, anainuka, anachuchumaa tena, magoti yote mawili kama ya kijana. Mzunguko wa tatu Thawin akayaangalia yale magoti. Akalikumbuka lile goti la mchangani. Lakini mlango wa ukumbi ulikuwa umefika, umati unamsukuma, na ndani kulikuwa na watawa kumi wamekaa wanamngoja. Akaulizwa maswali ya desturi. Je, wewe ni binadamu? Akajibu ndiyo, na kati ya majibu yote aliyowahi kutoa mbele ya watu, hilo lilikuwa mojawapo ya machache ya kweli.

Alipotoka na vazi la manjano, viti viwili vya wazazi vilikuwa vitupu. Wapishi wamelipwa, wapiga ngoma wamelipwa, hata punda milia tisa walikuwa wamepelekwa kibandani. Watu waungwana kabisa. Kwenye mkeka wake akamkuta wa kumi, mdogo, wa saruji, na kikaratasi kimefungwa shingoni:

"Bibi ameshapokea. Hakuna risiti, mwanangu. Kuna imani."

Thawin akapandisha vazi mpaka magotini, akaelekea lango la upande wa stesheni.

"Mtawa hakimbii," mkuu wa hekalu akasema bila kuinua macho kutoka kwenye chai yake.

Akatembea. Kwa mwendo wa mtawa, lango lilikuwa mbali. Kabla hajafika mti wa pili akasikia treni ya saa nane ikipiga honi, ikienda zake Bangkok na begi moja la magurudumu. Akasimama, akarudi, akakaa.

Siku nane baadaye, siku takatifu, Mama Lamai alileta chakula hekaluni. Alipiga magoti mbele ya Thawin, akaunganisha viganja, maana vazi ni vazi hata likimfunika nani.

"Mheshimiwa mtawa," akasema kwa adabu iliyokuwa na pilipili ndani, "wale wazazi wako wamekuachia wapi ule mkufu?"

Thawin akafungua mdomo. Uongo ulikuwa tayari, mzuri, wenye sonara, benki na kufuli ndani yake. Akajaribu kuinua nyusi ya kushoto. Hakuna kilichoinuka ila ngozi. Na vazi lile, ambalo alikuwa ameapa mbele ya watawa kumi kwamba ndani yake hatasema uongo, likamwasha mabegani kama upupu.

"Wamekwenda nao," akasema. "Kiwanja hakikuwepo. Walinifanya nilivyotaka kuwafanya."

Mama Lamai alicheka mpaka ikabidi ashike nguzo. Alicheka, akatulia, akamtazama yule mtu asiye na nywele, akaanza upya. Mwishowe akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Miaka tisa nakujua," akasema, "na leo ndiyo mara ya kwanza umeniambia jambo nikaliamini lote." Akaanza kukusanya vyombo vyake, kimoja kimoja, bila haraka. "Dhahabu utaanza upya, na safari hii kwa kuchoma ngisi. Bua ana jiko la pili halina mtu. Amesema atangoja mvua ziishe."

Thawin akauliza, kwa sauti ndogo ya kitawa, kama hilo linamaanisha kwamba sasa ameiva.

"Unaanza kupata mvuke," Mama Lamai akasema. Akainama mara tatu, akanyanyuka, akafika mlangoni, akageuka. "Jambo moja tu. Zikiota hizo nyusi, siku ya posa uje umezinyoa."