Gunia la Maharage na Mkono Wangu wa Kulia

Jumatatu, 9 Juni

Cyriaque, huna adabu! Mtoto wa juzi, eti kocha wa ndondi, unanishika mkono mbele ya watu na kuniambia nifunge bendeji. Bendeji ya nini? Nimekatwa? Mikono hii imetwanga majani ya isombe miaka hamsini. Imelea watoto sita na mjukuu mmoja mkaidi. Haijawahi kuomba kitambaa.

Anasema ngumi si mchi. Anasema mkono unyooke kuanzia kiwiko mpaka vidole, kifundo cha mkono kisikunjike. Kidole gumba kikae nje. Tugonge kwa vifundo viwili vya kwanza vya vidole. Tena tupige polepole majuma haya ya mwanzo ya glavu, mifupa izoee. Polepole! Nina miaka sitini na tisa, hiyo polepole nitaimaliza lini?

Mungu ambariki hata hivyo. Sisi wabibi kumi na wanne wa mtaa wa Nyamirambo anatufundisha bure, asubuhi tatu kwa juma. Kabla yake magoti yangu yalikuwa yanalia kama mlango wa stoo. Sasa napanda kilima cha kwetu bila kusimama. Simwambii. Atavimba kichwa.

Habari yenyewe: Jumapili barabara inafungwa magari, mji mzima unatoka kufanya mazoezi. Kikundi chetu kitaonyesha ngumi. Bibi mmoja atasimama mbele peke yake, wengine wamfuate. Anachaguliwa Jumamosi.

Mimi nimekaa nyuma maisha yangu yote. Ngumbaro kule Karagwe, nilikojifunza kuandika haya, nilikaa nyuma kwa sababu nilikuwa na mtoto mgongoni analia. Harusini niko nyuma na masufuria. Jumapili nitakuwa mbele.

Vestine naye anapataka. Jirani yangu huyo, ukuta kwa ukuta, kakulia Bujumbura na kiburi chake chote. Bendeji ameshafunga, mpaka vidoleni. Muoga.

Jumanne, 10 Juni

Mpango! Gunia la maharage, kilo ishirini na tano, nimelining'iniza uani kwenye bomba la kuanikia nguo. Nilisubiri Ariane aende kazini Sonatubes. Mjukuu huyo akiona kitu anauliza, akiuliza anasema, akisema hanyamazi.

Nikapiga. Mikono mitupu. Kupasha mwili moto sikupasha, jua lilikuwa linatosha. Nikapiga kama ninavyojua, kutoka juu kwenda chini, kama isombe ndani ya kinu. Ngumi arobaini! Vestine angeniona angerudi Bujumbura kwa miguu.

Ya arobaini na moja, kifundo kikakunjika. Kikasema ka! Maharage hayakusema kitu.

Yampayinka! Nilikaa chini juu ya ndoo. Ndoo ilikuwa na maji.

Jumatano, 11 Juni

Kifundo kimevimba, kimekuwa kama kiazi. Kidole gumba hakitaki kugusana na wenzake. Cyriaque akijua, Jumapili kwaheri.

Lakini kichwa ninacho. Asubuhi nikapaka mkono unga wa ngano mpaka kwenye kifundo. Mtu mwenye mkono mchafu hasalimiani kwa kiganja, hilo kila mtu analijua. Hakuna atakayenibana vidole.

Sikufikiria jambo moja. Mwenye mkono mchafu huwa anatoa kifundo, na watu wanashika hapo hapo!

Mwenye duka akashika. Mzee wa kanisa akashika, akatikisa, akauliza habari za watoto wote sita mmoja mmoja, na mkono hakuuachia. Nikajibu wazima, wazima, wazima, machozi yananitoka. Akasema ameguswa kuona ninavyowapenda wanangu.

Mazoezini Vestine akashika pia. Nikapiga kelele. Nikasema nilikuwa namshangilia Cyriaque. Cyriaque alikuwa anafunga kamba za viatu.

Vestine akanitazama. Akauliza unga huo ni wa nini. Nikasema chapati. Akauliza chapati za nani. Mbele ya wote, mdomo wangu huu, nikasema za kikundi kizima, nitaleta Jumamosi. Wakanipigia makofi. Wawili wakasema wao wanakula tatu tatu.

Kupiga sikupiga. Nilisema sitaki kuchafua glavu za watu.

Alhamisi, 12 Juni

Haya, bendeji. Siyo kwa ajili ya Cyriaque. Kwa ajili ya uvimbe.

Zake ni nyeusi, za huzuni. Nikakata kitenge changu cha Pasaka vipande virefu, nikavipiga wanga wa muhogo vikakauka vikawa wima. Nikafunga mkono kama tunavyomfunga mtoto mgongoni: kaza, vuta, kaza tena, asianguke. Mkono haukuanguka kweli. Ulikufa.

Baada ya robo saa vidole vilikuwa biringanya. Fundo nililifungia kwa meno, kulifungua kwa meno likakataa. Ikabidi nimsubiri Ariane, nimekaa na mkono juu kama mwanafunzi anayejua jibu.

Akakata kwa mkasi. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaona kifundo, akaacha kucheka. Akataka kumpigia Cyriaque simu. Nikamwapisha kwa jina la mama yake. Akasema sawa Nyogokuru, bibi yangu, lakini maharage anayaondoa leo. Akayaondoa. Akanikanda kwa kitambaa cha maji baridi, akapika, akaniosha hata mkono wa pili usio na kosa.

Mtoto mzuri. Hajui kukaanga vitunguu, lakini mzuri.

Ijumaa, 13 Juni

Chapati sitini za kesho, na mkono mmoja! Nilijaribu kukanda kwa kushoto. Nilijaribu kwa kiwiko. Kiwiko kikanasa. Nilimfikiria Cyriaque akisimama mbele ya wabibi wenye njaa na kumpa Vestine nafasi yangu. Nikakaa nikalia kidogo. Kidogo tu, unga usilowe.

Mlango ukafunguka. Hakubisha. Vestine, na kijiti chake cha kusukumia, na kanga kiunoni. Akanisogeza kwa nyonga kama mbuzi aliyeziba njia. Akaanza kukanda.

Nikamwuliza nani amemwita. Akasema mkono wangu ndio umemwita tangu Jumatano. Alivyoushika ulikuwa moto kama jiko. Nikasema ni joto la unga. Akasema nyamaza, washa mkaa.

Akasukuma sitini. Alipofika ya thelathini akaniambia kwamba Aprili yeye alipiga ukuta. Ukuta wetu huu! Alitaka kuwa mbele yangu. Alilala na mkono ndani ya maji siku nne, akawadanganya wote kwamba ameumwa na nyuki. Ndiyo maana anafunga bendeji mapema siku hizi, na asipofunga hapigi.

Nami nilimletea asali siku ile, nikimwambia aache kuchokoza nyuki!

Kisha akatoa bendeji zake nyeusi, akanionyesha. Vidole vipanuliwe wakati wa kufunga, siyo kukunja. Mizunguko mitatu kwenye kifundo, mitatu kwenye vifundo vya vidole, katikati ya vidole, kisha kurudi kwenye kifundo. Ishike, isinyonge. Alinifungia mkono wa kushoto, ule mzima, nione. Wa kulia aligusa tu, polepole, kama mtu anayechagua parachichi lililoiva.

Nilitaka kumwambia asante. Nikamwambia chapati zake zina pembe. Akasema zangu za mwaka jana zilikuwa na mchanga. Tukala nne.

Jumamosi, 14 Juni

Nimesema mwenyewe. Siku ya kuchaguliwa, Cyriaque akaniita nivae glavu, ana pedi za kupigia ngumi mikononi, ananingojea. Nilikuwa na uongo wa namna tatu tayari. Nikamtazama Vestine na masufuria yake ya chapati. Angeweza kunitaja, yeye akaendelea kupanga chapati. Nikaufuta unga niliokuwa nimepaka tena, nikamwonyesha kifundo.

Cyriaque akashika mkono, akabonyeza hapa na pale, akaniuliza inauma wapi. Hakunigombeza! Hilo ndilo liliniudhi. Akanipeleka kituo cha afya mwenyewe. Muuguzi akasema mfupa mzima, ni mshipa uliovutika, kupumzika majuma matatu. Akaniuliza nimeanguka. Nikasema nimegombana na maharage.

Tuliporudi akamchagua Vestine. Ni haki.

Vestine akakataa. Akasema hasimami mbele mpaka mimi, Jovia, nisimame karibu yake nihesabu ngumi, kwa sababu sauti yangu inapita kuta mbili za matofali, yeye ni shahidi, anaisikia kila siku. Wabibi wakacheka. Cyriaque akasema sawa, tuko na wawili mbele.

Nikampa Vestine chapati ya juu kabisa kabla ya kujichukulia yangu. Mara ya kwanza tangu nizaliwe, Ariane anaapa.

Jumapili, 15 Juni

Mbele!

Barabara tupu, watu kama siafu. Bendeji nilifunga zote mbili, Vestine alinifungia ya kulia legelege. Sikupiga hata ngumi moja. Nilipiga kelele. Moja! Mbili! Mkono unyooke! Wewe mwenye miwani, kifundo! Baba uliyetoka mtaa wa Kacyiru na viatu vya bei, hiyo ni ngumi au unabisha hodi kwa mkwe? Kidole gumba nje, mama, unakificha kwa nani? Anza polepole, nani anakufukuza!

Walinitii. Watu wenye digrii. Mia mbili, na wote walinyoosha mikono.

Vestine alipiga vizuri. Naandika mara moja tu, sitarudia: alipiga vizuri sana. Asante Mungu kwa jirani mwenye kiburi. Asante kwa Cyriaque, kwa Ariane, kwa magoti yangu. Asante hata kwa mkono huu mjinga uliovimba, bila huo ningepiga ngumi zangu kimya na nisingesikika.

Jumatatu, 16 Juni

Nimelala, nimeamka, nimefikiri.

Muuguzi alisema mkono wa kulia upumzike majuma matatu. Cyriaque alisema wa kulia. Vestine alisema wa kulia. Watu watatu wazima, na hakuna hata mmoja aliyetaja wa kushoto!

Majuma matatu yakiisha, nitakuwa na ngumi ya kushoto ambayo Vestine hajawahi kuiona. Na Jumapili ile nyingine ya barabara tupu tutaona nani anamhesabia nani. Bendeji nitafunga baadaye, nikishaona kama inahitajika.

Ariane, najua unasoma daftari hili, usijifanye. Kesho kabla ya kwenda kazini rudisha gunia kwenye bomba. Upande wa kushoto. Ongeza kilo tano. Na Vestine akiuliza, mwambie tunaanika.